Anamwambia Nani?

Mwalimu Cheptanui alirudisha karatasi ya Immaculate ikiwa imekunjwa mara mbili, jinsi anavyofanya asipotaka mtu wa kando aone. Haikusaidia. Kiplimo, aliyeketi naye benchi moja, alikuwa ameshanyoosha shingo.

"Moja kati ya nne," alisoma kwa sauti. "Mathe, hata mimi nimepata tatu, na niliandika nikiwa na njaa."

"Mimi si mama yako."

"Pole, boss."

Darasa hilo hukutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, mtaani Bondeni, Nakuru. Wanafunzi wake ni watu wazima ambao shule iliwaponyoka njiani na sasa wanataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kibinafsi. Kiplimo anaendesha boda boda. Kofia yake ya pikipiki hukaa mezani mbele yake kama mwanafunzi wa ziada. Mmoja ni bawabu wa benki, na wawili au watatu wanauza mitumba. Immaculate Sitati ni fundi wa cherehani. Ana miaka arobaini na moja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ameitumia kushona sare za shule: sketi za marinda, mashati meupe, kaptura za kijivu zenye upindo mrefu ili mtoto akirefuka zishushwe. Chuo cha ufundi kilicho karibu na mtaa kilimwambia kingefurahi kumchukua afundishe ushonaji, lau angekuwa na cheti. Ndiyo sababu aliyowapa wenzake alipojiandikisha. Sababu nyingine hakumpa mtu.

Masomo mengine hayamtishi sana. Hesabu amezifanya kwa tepu na chaki maisha yake yote. Kinachomtoa jasho ni fasihi. Si kwamba hasomi. Kwenye kibanda chake, juu ya cherehani, amebandika ukurasa aliouchana kutoka kwenye mwongozo wa mitihani, na akikanyaga pedali hukariri: taharuki ni ile hamu ya msomaji kujua kitakachofuata, mbinu rejeshi ni msimulizi kurudi nyuma kueleza yaliyotukia zamani, kinaya ni hali au maneno kwenda kinyume na yanavyotarajiwa. Wateja wamemzoea. Wengine hudhani anasali.

Swali alilokosa lilitokana na hadithi fupi aliyoitunga Mwalimu Cheptanui mwenyewe. Mwalimu ni binti wa wafugaji wa upande wa Molo, kijana bado, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wazima wanyamaze ili wamsikie. Katika hadithi yake, mzee mmoja anaamka alfajiri, anamlambisha ng'ombe wake mweusi chumvi kiganjani na kumkwaruza shingoni huku akimwita kwa jina. Baadaye mchana anakuja tajiri kutoka mjini, mtu ambaye mzee hawezi kumkosea heshima, anamwona ng'ombe yule na kuanza kumsifu. Mzee anajibu: "Huyo? Huyo ni mfupa tu. Maziwa yake hayatoshi chai ya paka."

Chini ya hadithi kulikuwa na swali ambalo kila aliyepitia sekondari nchini Kenya analijua: weka dondoo hili katika muktadha wake. Alama nne. Nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa nini.

Immaculate aliandika kwamba msemaji ni mzee. Akapata alama yake. Halafu, bila kutaja msikilizaji wala mahali, akaandika kwamba mzee anamdharau ng'ombe wake kwa sababu hana faida, na kwamba jambo hili linaonyesha mzee ni mtu katili asiyethamini kilicho chake. Kando ya sentensi hiyo, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameuliza: anamwambia nani?

"Lakini amesema ni mfupa," Immaculate alisema mwalimu alipofika swali hilo.

"Amesema," mwalimu alikubali.

"Basi? Mtu akisema ng'ombe wake ni mfupa, si ni mfupa?"

Kiplimo alishika kichwa. "Ai, sista! Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa Bondeni."

"Ndiyo shida. Huyo mzee hataki kutoa ng'ombe! Kwetu, mtu mkubwa akija akapenda ng'ombe wako, humwambii hapana. Utamwambiaje hapana? Lakini ukikubali kwamba ni mzuri, umeshampa. Kwa hivyo unamtukana ng'ombe. Unasema hana maziwa, anapiga teke, mama yake alikuwa kichaa. Mgeni anakunywa chai, anaenda. Jioni unaomba ng'ombe msamaha."

Darasa lilicheka. Mwalimu Cheptanui naye alicheka kidogo, kisha akaketi kwenye ncha ya meza.

"Immaculate, maelezo ya kinaya umeyaandika hapa neno kwa neno. Hakuna niliyempa alama zote za sehemu hiyo isipokuwa wewe. Lakini nikikuletea kinaya chenyewe, hukioni. Unajua ni kwa nini? Unachukua maneno ya mtu na kuyaweka mezani peke yake, kama kitambaa kilichokatwa. Maneno hayasemwi hewani. Tazama aliyeyasema, kisha utazame aliyekuwa mbele yake. Na kumbuka ulichoonyeshwa kabla. Sisi wasomaji tuliona ile chumvi asubuhi. Tajiri hakuiona. Ndiyo maana sisi tunacheka na yeye anaondoka."

Immaculate aliitazama karatasi yake. "Na kama kuna mwingine aliyesikia ambaye pia hakuona hiyo chumvi?"

"Kama nani?"

"Kama ng'ombe."

"Ng'ombe si alilambishwa yeye mwenyewe?"

"Labda amesahau. Labda alidhani chumvi ni kitu cha kila ng'ombe."

"Ng'ombe akisikia," Kiplimo alisema, "atakasirika aache kutoa maziwa."

Wote walicheka tena. Immaculate hakucheka. Aliikunja karatasi vile ilivyokuwa imekunjwa mwanzo na kuitia mkobani.

* * *

Maneno yaliyomtoa shule aliyasikia kwa masikio yake, akiwa kidato cha pili, wiki ile ya mwisho wa likizo. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma na mtungi wa maji. Nyumba yao ni moja ya zile za zamani za baraza la mji, vyumba viwili na pazia katikati, na baba yake, Mzee Sitati, alikuwa upande wa pili wa pazia. Sauti yake ilikuja wazi: "Huyu wangu hana kichwa cha shule. Utapoteza wakati wako bure. Mwache."

Aliweka mtungi chini taratibu usigonge, akatoka alikoingilia. Alikaa kwa rafiki yake mpaka giza. Shule zilipofunguliwa alisema haendi. Baba yake alimtazama kwa muda, akachukua koti, akatoka. Hakuuliza. Immaculate alilichukua lile koti kuwa muhuri wa yale maneno.

Mwaka huo huo shirika la reli lilikuwa limepunguza watu na baba yake alikuwa nyumbani bila kazi, lakini hilo hakuliunganisha na lolote. Alienda kwa fundi mmoja wa Kisomali sokoni, akajifunza kushona. Alimzaa Valarie, ambaye sasa ni mtu mzima na anafanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha. Mama yake alifariki akazikwa nyumbani Kimilili. Immaculate alirudi kuishi na baba yake katika nyumba ile ile, akampikia, akamfulia, akamkumbusha dawa. Hawakuwahi kugombana. Kulikuwa na adabu kati yao, ile ya watu wanaokaa chumba kimoja cha kungojea daktari.

Mzee Sitati si mtu mgumu. Mtaani anapendwa. Watu humtania tu kwa tabia yake moja, kwamba hawezi kumkatalia mtu usoni. Jirani akija kuomba toroli, Mzee husikitika, hushika kiuno, husema gurudumu limekufa kabisa. Kesho yake toroli huonekana likibeba mitungi ya maji bila tatizo. Hakuna anayemkasirikia. Wanajua gurudumu likifa, Mzee ana haja na toroli lake.

Darasa la Jumamosi Immaculate hakumwambia. Alisema anaenda chamani, kuchanga pesa na wanawake wenzake. Aliona afadhali amweleze akiwa na cheti mkononi kuliko kumpa nafasi ya kurudia yale maneno.

Siku chache kabla ya ile Jumamosi ya karatasi, Bravin alipiga simu kutoka Kimilili. Bravin ni kaka yake mkubwa. Amejenga nyumba ya matofali karibu na kaburi la mama yao, na amekubaliana na Mzee kwamba sasa arudi nyumbani, azeekee kwao. Jumapili angekuja na gari kumchukua.

"Na wewe utakuja naye," Bravin alisema.

"Mimi?"

"Nani atamtunza? Mke wangu ana duka. Wewe huna mume, Valarie amekua. Unang'ang'ania nini Nakuru? Hata huku watoto wanavaa sare, Immah. Beba cherehani."

Hakumtajia mtihani. Ulikuwa umebaki mwezi na kidogo. Alisema tu wangezungumza, na Bravin akasema hakuna la kuzungumza, Mzee ndiye ataamua. Katika familia hiyo ndivyo ilivyo. Mzee akisema, imekwisha. Na Mzee kuhusu Immaculate na shule alikuwa ameshasema.

* * *

Kutoka kanisani hadi nyumbani si mbali, lakini alipita njia ndefu. Alilichukua lile neno la baba yake na kulifanyia kile ambacho mwalimu hufanya ubaoni. Msemaji: Mzee Sitati. Mahali: chumba cha mbele, nyumbani kwao, jioni. Alama mbili.

Msikilizaji?

Alisimama kando ya barabara. Miaka hiyo yote alikuwa amemweka mama yake kwenye kile kiti, upande wa pili wa pazia. Hakumbuki kuamua hivyo. Alikuwa tu amemweka. Lakini mama yake jioni ile alikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Ndiyo maana yeye alitumwa maji. Na baba yake hangemwambia mkewe "utapoteza wakati wako". Mtu huyo alikuwa na wakati wa kupoteza. Alikuwa na mpango.

Mama Wariara, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa barazani akikata sukuma wiki, kisu kikienda chenyewe huku macho yakiangalia barabara. Ameuza mboga hapo tangu Immaculate akiwa msichana.

"Umetoka chamani?" aliuliza.

"Nimetoka. Mama Wariara, unakumbuka mwaka ule niliacha shule?"

"Mwaka ule ulikataa shule?"

"Sikukataa."

"Basi nilikataa mimi." Aliweka kisu chini. "Una nini leo?"

"Kulikuwa na mgeni kwetu. Jioni, karibu shule zifunguliwe. Mama alikuwa kwaya."

"Wageni wenu nitawakumbuka wangapi? Nyinyi watu wa magharibi mnatembeleana kama mnalipwa." Kisha uso ukabadilika. "Ngoja. Kama ni yule wa pikapu, huyo siwezi kusahau mpaka nife. Aliegesha juu ya nyanya zangu."

"Nani?"

"Ndugu ya baba yako, yule mkubwa. Wamalwa wa Nairobi. Alishuka na suti, akakanyaga nyanya zangu na viatu, akaniambia pole bila kuniangalia. Alikuwa amebeba mikate na soda."

"Alitaka nini?"

Mama Wariara alimtazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Si wewe! Alikuja kukuchukua. Eti atakusomesha Nairobi, shule kubwa. Mke wake alikuwa amezaa mapacha. Na Sue si alikuwa ameshamharibu?"

Sue alikuwa binamu yao. Immaculate alimkumbuka vizuri: msichana aliyechukuliwa na Wamalwa kwenda kusomeshwa Nairobi na akarudi baada ya miaka miwili akiwa na kovu la pasi mkononi, hajawahi kuingia darasani hata siku moja. Mtu akiita jina lake alikuwa anashtuka na kusimama.

"Baba alimwambia nini?"

"Baba yako? Unamjua. Angemwambia mkubwa wake hapana? Na huku hana kazi, na mwenzake amekuja na gari? Alikutukana wewe. Alikutukana mpaka mimi huku ukutani nikaona aibu. Eti huna kichwa. Eti unakula kama askari. Eti unaweza kulala umesimama, ukiachiwa mapacha utawaangusha. Nikasema, eh, mzee ameanza mambo ya toroli."

Immaculate alikaa juu ya gunia la viazi.

"Mimi nilisikia ya kichwa tu," alisema. "Nikatoka."

"Ulikuwa ndani?"

"Nyuma ya pazia."

"Basi ungekaa usikie mpaka mwisho. Yule mtu alitoka hapa mbio, mikate akaiacha." Mama Wariara alichukua kisu tena, akakata majani machache, akakiweka. "Na ndiyo maana ukaacha shule?"

Immaculate aliokota kiazi kilichoanguka, akakirudisha guniani.

"Mimi nilidhani ni karo," Mama Wariara alisema kwa sauti ya chini. "Mtaa mzima tulidhani ni karo."

* * *

Mzee Sitati alikuwa kitandani pake, akipanga mashati ndani ya begi. Redio ilikuwa kando yake ikisoma habari. Alikunja kila shati kama kitu cha serikali, mikono nyuma, kola juu.

"Baba," Immaculate alisema. "Unakumbuka Baba Mkubwa Wamalwa alipokuja na pikapu?"

"Mikate miwili," Mzee alisema bila kuinua kichwa. "Mmoja ulikuwa na ukungu."

"Ulimwambia sina kichwa cha shule."

"Nani?"

"Wewe. Ulimwambia yeye. Ulikuwa unanisema mimi."

Mzee aliliacha shati. Alionekana kutafuta, kwa bidii, kama mtu anayepapasa mifuko. "Sikumbuki," alisema mwishowe. "Lakini ningeweza kusema hivyo. Siku ile ningesema chochote. Kwa mdomo alikuwa ameshakupakia garini, anakuita binti yangu, binti yangu. Nilikuwa nimeuona mkono wa Sue. Si aliondoka?"

"Aliondoka. Na mimi nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Hilo neno moja. Nikaacha shule."

Mzee alinyoosha mkono akazima redio. Huwa hazimi redio kwenye habari.

"Mimi," alianza, kisha akaanza upya. "Mimi nilidhani umeona hali. Reli ilikuwa imetutoa. Nilisema, mtoto ameona baba hana, amejitoa mwenyewe nisiaibike. Ningekuulizaje? Ungesema ni karo, na mimi ningekujibu na nini?"

"Ungeuliza tu, Baba."

"Na wewe ungeuliza."

Alikuwa amefikiri, njiani, kwamba akiupata ukweli huu atapumua. Badala yake hasira zilimpanda. Ingekuwa rahisi zaidi kama baba yake angekuwa alimaanisha. Mtu aliyemaanisha anaweza kusamehewa au kutosamehewa. Hapa hakukuwa na mtu wa kushika; kulikuwa na watu wawili wenye aibu, kila mmoja upande wake wa pazia, na miaka imepita hapo katikati.

"Niko shule," alisema, kwa ukali zaidi ya alivyokusudia. "Kila Jumamosi. Si chama. Mtihani ni Novemba. Kidato cha nne."

Mzee alimkodolea macho. "Mnafundishwa nini?"

"Mengi. Leo ilikuwa fasihi."

"Fasihi ya nini?"

Akamweleza. Hakujua kwa nini, labda kwa sababu hasira zilihitaji mahali pa kwenda. Alimweleza ng'ombe mweusi, chumvi alfajiri, tajiri wa mjini, mfupa na chai ya paka. Alimweleza alama moja kati ya nne. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Huyo mzee hajui kazi," alisema.

"Vipi?"

"Mfupa! Mtu anaweza kuchukua mfupa akaenda kuunenepesha. Angesema ana ugonjwa. Ugonjwa haupiganiwi." Alichukua lile shati akaanza kulikunja tena, polepole. "Bravin anajua mambo haya ya mtihani?"

"Hajui."

Mzee aliwasha redio. Habari zilikuwa zimekwisha; kulikuwa na matangazo ya mbolea. Immaculate, aliyekuwa akingoja jibu, alienda kupika chajio bila kujua kama amekubaliwa au ameachwa.

* * *

Bravin alifika Jumapili baada ya ibada, na gari la kuazima lenye nafasi ya cherehani upande wa nyuma. Nafasi hiyo Immaculate aliiona kwanza, kabla ya kumsalimia. Kaka yake alikuwa ameshakunja viti.

"Immah, umefunga vitu?"

"Kaa kwanza ule," alisema, akaenda kusonga ugali.

Jikoni ni kona tu nyuma ya pazia. Alisimama na mwiko mkononi, sufuria ikitokota, akisikia viti vikivutwa upande wa pili. Alikuwa ameiandaa hotuba. Ilikuwa na cheti ndani yake, na chuo cha ufundi, na umri wake. Alijua pia kwamba Mzee akisema "twende", hotuba itabaki na mwenyewe.

"Mzee, mbona vitu vyake havionekani?" Bravin aliuliza. "Tunaondoka naye au vipi?"

"Na nani?" Mzee aliuliza.

"Immah. Atakutunza."

"Huyu?" Sauti ya Mzee ilipanda kwa mshangao mkubwa. "Bravin, nimekukosea nini? Unataka nizikwe kabla ya Krismasi?"

"Mzee, pole pole. Yuko hapo. Anasikia."

"Asikie."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Huyu dawa za asubuhi ananipa jioni," Mzee aliendelea. "Ugali wake ukiutupa ukutani unarudi. Na siku hizi ana ugonjwa. Anaongea peke yake akishona, muulize mtu yeyote. Mara taharuki, mara nini. Watu wanapita wakifikiri ndani kuna mkutano."

"Ugonjwa gani sasa?"

"Sijui, mimi si daktari. Mimi najua mkono wa mke wako. Nilikula kwake Krismasi, mpaka leo naota. Nitoke Nakuru, nifike kwa mpishi kama yule, halafu nipikiwe na huyu? Utamvunja moyo mama watoto. Atasema nimemkataa." Kiti kililia. "Huyu hana faida yoyote kule. Mwache hapa na cherehani yake."

Immaculate alikuwa amesimama mahali pale pale ambapo zamani aliuweka mtungi chini. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Hakutoka. Alisikiliza mpaka mwisho, kila tusi, na alipoanza kusonga tena ilibidi aume upindo wa leso yake asisikike akicheka, na alipoutoa, leso ilikuwa imelowa machozi pia.

"Lakini Mzee, si vizuri kumsema hivyo," Bravin alisema kwa huruma ya kweli. Na alipoletewa chakula alimwambia dada yake kwa sauti ya kubembeleza kwamba basi, abaki tu, watazoea, asiyaweke moyoni.

"Sawa," Immaculate alisema.

Walikula. Bravin alimaliza sahani, akaitazama, akakata kipande kingine.

"Huu ugali mbona hauna shida?"

"Leo amebahatisha," Mzee alisema, akavuta sinia upande wake.

Begi liliingia garini, na mahali palipotengewa cherehani pakawekwa redio na kiti cha Mzee. Mama Wariara alitoka kuaga, akalia, akamtania Mzee kwamba sasa mtaa utakosa mtu wa kuunyima vitu. Mzee aliketi mbele, akafunga mkanda kwa shida, kisha akateremsha kioo na kumwita Immaculate kwa kidole.

"Lile toroli," alisema. "Mpe Mama Wariara abebee mboga."

"Sawa, Baba."

"Mwambie gurudumu ni zima."